Kinoo na Kisu: Thamani ya Mshindani Asiyetwaa Taji

Kiswahili kina methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumtuliza aliyeshindwa, kama dawa ya kidonda chake. Lakini maana yake ni pana kuliko matumizi hayo. Inasema kwamba kushindwa ni sehemu ya ushindani wenyewe, na kwamba hakuna awezaye kuitwa mshindani mpaka awe amekubali kusimama mahali ambapo mmoja lazima ashindwe. Ikiwa ni hivyo, basi aliyeshindwa ana fungu lake katika habari ya mashindano, na maandishi yanayomnyima fungu hilo hayajasimulia habari kamili. Walakini ndivyo yaandikwavyo maandishi mengi ya michezo. Sifa hufuata taji kama kivuli kifuatavyo mti. Mshindi huandikwa jina lake, kijiji chake na jina la mwalimu wake. Walioshindana naye hukusanywa katika neno moja, "wengineo", na habari ikaishia hapo.

Methali nyingine husema kwamba kinolewacho hupata. Kisu chenye makali husifiwa na kila mtu aliyekata nacho nyama. Ni nani aulizaye habari za kinoo? Na kinoo nacho hulika kila siku kwa kazi hiyo. Suala la insha hii ni mshindani aliye kinoo: mtu mwenye ujuzi wa kweli, asiyetwaa taji, ambaye bila yeye taji lisingekuwa na maana.

Mchezo wa ngumi wa uzito wa juu ndio uonyeshao jambo hili waziwazi. Bingwa wa uzito huo hujulikana dunia nzima, lakini kabla ya kulifikia taji amepita mikononi mwa watu wengi ambao majina yao yamesahauliwa. Hao ni wapiganaji wa ujira. Wanaijua kazi yao. Huitwa kwa taarifa ya siku chache. Husafiri kwenda kupigana katika mji wa mwenzao, mbele ya watazamaji wa mwenzao, na mara nyingi hurudi kwao wameshindwa kwa pointi. Kazi yao ni kumwuliza kijana maswali. Je, ana pumzi ya raundi 10? Akipigwa, atafanya nini? Akikutana na mtu asiyeanguka, atakuwa na shauri gani? Kijana asiyeulizwa maswali hayo hufika mbele ya bingwa akiwa na hesabu kubwa ya ushindi na elimu ndogo.

Chuck Wepner wa New Jersey alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipata riziki yake kwa kuuza vileo, na alikuwa mashuhuri zaidi kwa majeraha ya uso kuliko kwa ushindi. Tarehe 24 Machi 1975 alisimama mbele ya Muhammad Ali, akadumu naye mpaka raundi ya 15, na mwamuzi alisimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 19. Pambano hilo ndilo lililomtia Sylvester Stallone fikira ya kuandika filamu ya Rocky, iliyotoka mwaka 1976 na kupendwa kote duniani. Hapa pana funzo la kwanza kwa mhakiki. Dunia ilimpenda mpiganaji wa kubuni upesi zaidi kuliko ilivyompenda yule wa nyama na damu aliyekuwa chanzo chake. Aliyeshindwa anaweza kusahauliwa kwa njia mbili: kwa kutotajwa kabisa, au kwa kugeuzwa hadithi tamu inayochukua mahali pake.

Wapiganaji wa ujira hawakosekani Tanzania, na baadhi yao wameistaajabisha dunia. Hassan Mwakinyo wa Tanga, ambaye si wa uzito wa juu, alikwenda Birmingham Septemba 2018 kupigana na Sam Eggington wa Uingereza, na walio wengi walimhesabu kuwa daraja la mwenyeji kupandia. Alishinda katika raundi ya 2. Lakini hoja ya thamani haifai kutegemea siku moja ya ajabu kama hiyo. Tukio la namna hiyo humtoa mtu katika kundi la wasiotajwa, na kundi likabaki vile vile. Mizani iliyo bora zaidi hupatikana katika mchezo mwingine, ambao kwao mchango wa aliyeshindwa unaweza kupimwa kwa dakika na sekunde. Mchezo huo ni mbio, na nchi yake ni nyanda za juu za Karatu na Ngorongoro.

Nchi hiyo yenyewe ni mfano wa jambo linalosemwa. Kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha mita 600 hivi, huvuta wageni kutoka pande zote za dunia. Wageni hao hupita Karatu. Hapo hulala na kula. Hapo magari yao hutiwa mafuta na kutengenezwa. Nyanya, viazi na vitunguu vya Mang'ola hupikwa katika vyungu vya hapo. Kisha safari hupanda mlima kwenda kwenye ukingo wa kreta, na picha zipelekwazo ng'ambo huwa ni za simba na faru. Karatu haimo ndani ya picha, ijapokuwa bila Karatu picha zingekuwa chache. Mji huo umezoea kuwa njia ya kufikia sifa za mahali pengine.

Katika mbio, kinyume chake, eneo hilo lina sifa zake. Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. John Stephen Akhwari alizaliwa mwaka 1938 upande wa Mbulu, na Karatu ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu kabla haijawa wilaya ya pekee. Yamkini msomaji amewahi kuambiwa kwamba siri ya wakimbiaji hao ni mwinuko wa nchi. Ukingo wa Ngorongoro unafika mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo kisichotofautiana sana na cha mji wa Mexico. Hewa nyepesi ina kazi yake, lakini nchi haikimbii. Mtu hukimbia akiwa na watu mbele yake na nyuma yake, na watu hao ndio wanaostahili kuchunguzwa.

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mambo mawili yalitokea siku moja, na yote mawili yanahusu mtu aliyeshindwa. La kwanza ni la fainali ya mita 1,500. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa akimkabili Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, mtu aliyeogopwa kwa kasi yake ya mwisho. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake Keino, alitoka mbele tangu mwanzo, akakimbia mita 400 za kwanza kwa sekunde 56. Mwendo huo ulikuwa mkali mno katika hewa ile, na ulikusudiwa kuimaliza kasi ya Ryun kabla ya wakati wake. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Ryun nyuma kwa karibu sekunde 3. Jipcho alifika wa 10. Katika orodha ya matokeo nafasi yake ni ya mtu aliyeshindwa vibaya. Katika maana ya mbio zenyewe yeye alikuwa mmoja wa waliozitunga.

La pili ni la marathoni. Akhwari aliangushwa katika msongamano wa wakimbiaji, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani giza limekwisha kutanda na watazamaji wengi wamekwenda zao, akamaliza kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Watu 75 walianza mbio hizo. 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57. Jibu lake alipoulizwa kwa nini hakuacha husimuliwa mpaka leo: kwamba nchi yake ilimtuma akamalize mbio, haikumtuma akazianze tu.

Hapana mtu mwenye moyo asiyeguswa na habari hiyo, na heshima aliyopewa Akhwari ni haki yake. Mwaka 2008, mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa walioubeba. Hata hivyo uhakiki wa haki lazima uulize: je, habari hiyo ndiyo yote? Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa 5. Muda huo ni chini ya ule uliompa Wolde medali ya dhahabu kule Mexico. Njia na hali ya hewa hazikuwa sawa, na kwa hiyo haifai kusema kwamba Akhwari alimpita Wolde. Inatosha kusema kwamba alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu, fundi wa kazi yake, aliyefanya mazoezi kwa miaka na kushindana na walio bora.

Jambo hilo aghalabu halisimuliwi. Mguu wenye bendeji umesimuliwa mara elfu. Nafasi ya 5 ya Edinburgh haitajwi. Sababu yake si ngumu kuiona. Jeraha huleta huruma, na huruma haidai elimu. Nafasi ya 5 haileti machozi. Inamtaka mwandishi ajue mbio ni nini, aliyekuwa wa 4 alikuwa nani, na saa 2 na dakika 15 zina uzito gani. Kwa hiyo Akhwari amepatwa na lililompata Wepner kwa namna nyingine. Hadithi yake imempandisha, na papo hapo imeifunika kazi yake. Kumhurumia mtu aliyestahili kuheshimiwa kwa ujuzi ni kumpa sadaka mahali pa ujira.

Miaka 6 baadaye ikaja zamu ya Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Hakusubiri mtu amwongozee mwendo. Alikwenda mbele tangu mwanzo, akabaki mbele mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia ya Ryun ya mwaka 1967, dakika 3 na sekunde 33.1, ikavunjika. Hayo ndiyo yanayoandikwa, na ni ya kweli. Lakini nyuma yake, kwa tofauti ya sekunde 0.36 tu, alikuwapo John Walker wa New Zealand, ambaye naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Wa 3 alikuwa Ben Jipcho, yule yule wa Mexico, kwa dakika 3 na sekunde 33.16. Wa 4 alikuwa Rod Dixon wa New Zealand, na wa 5 Graham Crouch wa Australia, ambao wote walimaliza kabla ya kutimia dakika 3 na sekunde 35.

Ni nani aliyeiandika rekodi hiyo? Mkono ni wa Bayi, hapana shaka. Lakini mtu aliye mbele hukimbia pia kwa sababu ya vishindo avisikiavyo nyuma yake. Lau Walker angekuwa mbali kwa sekunde 3, Bayi angekuwa na nafasi ya kupumua katika mita 100 za mwisho. Hakuipata nafasi hiyo. Na upande wa pili wa jambo hili una nguvu zaidi: wale waliomfuata Bayi walifika mahali ambapo wasingefika peke yao. Yeye, kwa kukubali kuvunja upepo kwa ajili ya wote, alikuwa bingwa na kinoo kwa wakati mmoja.

Ushahidi wa hayo ulipatikana mwaka 1976. Nchi nyingi za Afrika, Tanzania miongoni mwao, hazikushindana katika Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi na bado ikaruhusiwa kushiriki. Bayi hakuwapo uwanjani. Walker alishinda medali ya dhahabu ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Msomaji na aweke nambari mbili hizo pamoja. Aliposhindwa na Bayi, Walker alikimbia 3:32.52, aliposhinda bila Bayi, alikimbia 3:39.17. Zaidi ya sekunde 6 ziko baina ya kushindwa kwake na kushinda kwake, na kushindwa ndiko kulikokuwa bora. Mhakiki mwangalifu atasema kwamba fainali hukimbiwa kwa hila, wala mshindi hatafuti rekodi. Hiyo ni kweli. Lakini Christchurch nayo ilikuwa fainali. Kilichopungua Montreal ni mtu wa kuwafanya wengine wakimbie zaidi ya walivyokusudia.

Walker mwenyewe alikwisha kunolewa vya kutosha kabla ya hapo. Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi alivunja rekodi ya dunia ya maili kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Haikutimia miezi mitatu kabla Walker hajaichukua, Agosti mwaka huo huo, mjini Göteborg, kwa dakika 3 na sekunde 49.4, akiwa mtu wa kwanza kukimbia maili chini ya 3:50. Rekodi ya Bayi ilidumu muda mfupi, lakini ilikuwa ngazi ya mwenzake.

Kisha Bayi akafika mahali pa wale wasiotwaa taji. Katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, alikimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Kama ilivyokuwa desturi yake, aliongoza, akaongoza kwa mbali, na ilionekana kana kwamba mbio zimekwisha. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita, akashinda kwa dakika 8 na sekunde 9.7. Bayi alipata medali ya fedha kwa 8:12.5. Katika Michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mpaka Michezo ya Paris ya mwaka 2024, Tanzania haikuwa na medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili. Yaani hazina yote ya taifa katika Michezo hiyo ni kazi ya watu waliofika wa pili. Taifa linalodharau nafasi ya pili halina la kusimulia katika Olimpiki.

Hapa yafaa kujibu pingamizi moja. Je, hoja hii haifundishi vijana kuridhika na kushindwa? Haifundishi. Kuna kushindwa kwa mvivu, ambako hakumnoi mtu. Mshindani mzembe ni sabuni, si kinoo, na kisu kikipitishwa juu yake hakipati makali. Thamani inayotetewa hapa ni ya ujuzi, nao haupatikani bila kutaka kushinda. Wepner hakupanda ulingoni ili awe mfano wa filamu, wala Walker hakukimbia Christchurch ili ampambe Bayi. Kila mmoja alitaka kushinda, na kwa kutaka hivyo kwa dhati ndipo alipomlazimisha mwenzake kuwa bora.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Sifa za kinoo zinaweza kuwa kisingizio cha kukitumia mpaka kiishe. Katika ngumi za uzito wa juu kuna watu wanaoitwa ulingoni ili wapigwe tu, na wanaondoka na fedha kidogo na vichwa vilivyoumizwa. Kuwasifu watu hao bila kuuliza walilipwa nini na walitibiwa na nani ni unafiki. Mbio zimeanza kuutambua wajibu huu: mkimbiaji anayewaongozea wengine mwendo hulipwa kwa kazi hiyo. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, aliongozwa kwa zamu na wakimbiaji 41. Mwendo huo haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, na wasaidizi hao wa kupokezana ni sababu mojawapo. Sheria yenyewe ilikiri kwamba kazi ile haikuwa ya mtu mmoja. Ni ajabu kwamba sheria ikiri jambo ambalo sifa hulisahau.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana sababu ya kuona mambo haya kuwa mageni. Katika malumbano ya washairi, shairi la kuchokoza hungoja shairi la kujibu. Na mjibu hufuata bahari ile ile na aghalabu vina vile vile, akilipima neno la mwenzake kwa kipimo cha mwenzake. Shairi ambalo halikujibiwa lilibaki bila kipimo. Muyaka bin Haji wa Mombasa anajulikana kila mahali asomwapo Kiswahili. Waliolumbana naye wanajulikana na wachache. Hata hivyo ukali wa ulimi wake ulinolewa na ulimi wa mtu mwingine. Mhariri achapaye majibizano kwa kuacha beti za upande mmoja hutenda lile lile alitendalo mwandishi wa michezo aishiaye kwenye jina la mshindi: anauchapa mwangwi na kuiacha sauti.

Basi uhakiki wa mashindano, yawe ya ngumi, ya mbio au ya tungo, una kazi ya kuyaandika matokeo mpaka jina la mwisho, na kueleza kila jina lilifanya nini. Kazi hii si anasa ya wasomi. Katika Tamasha la Michezo la Karatu, ambalo kwa miaka mingi limeandaliwa na Taasisi ya Filbert Bayi, vijana hukimbia kwa mamia, na mshindi wa kila mbio ni mmoja. Kijana afikaye wa 10 hurudi nyumbani na swali: je, leo amefanya kazi au amepoteza siku? Majibu atakayoyapata kutoka kwa walimu, wazazi na magazeti ndiyo yatakayoamua kama kesho ataamka alfajiri tena.

Alphonce Simbu wa Singida alijibiwa swali hilo kwa kuchelewa. Alikuwa wa 5 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wa 3 katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, wa 7 katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na wa 2 Boston mwaka 2025. Septemba 2025, mjini Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tanzania ilishangilia, na ilikuwa haki yake kushangilia. Lakini kwa karibu miaka 10 Simbu alikuwa mmoja wa "wengineo", akifanya kazi ile ile. Na ni wajibu wa atakayeiandika habari ya siku ile kumwandika Petros pia, kwa kuwa Simbu asingekimbia mita zile za mwisho kama alivyozikimbia, lau mtu yule asingekuwapo mbele yake.